Kalenda na Sikukuu za Middle-earth

Kalenda za Middle-earth, dunia ya kubuni iliyotungwa na J.R.R. Tolkien, zimeelezwa katika Kiambatisho D cha The Lord of the Rings. Kiambatisho hicho kilitoka mwaka 1955 mwishoni mwa juzuu ya tatu, na wasomaji wengi hukiruka kwa kuwa kina hesabu nyingi kuliko mapanga. Wanajinyima uhondo. Mtunzi wa kawaida wa dunia ya kubuni huipa miezi majina mageni, akaongeza labda mwezi wa pili angani, akaona kazi imekwisha. Tolkien, profesa wa Kiingereza cha kale huko Oxford, aliyezaliwa Bloemfontein katika Afrika Kusini ya leo mwaka 1892, alikwenda mbali zaidi. Kalenda zake zina makosa, zina watawala waliojaribu kuyarekebisha, na zina wananchi waliosikia habari za marekebisho hayo na kuendelea na mambo yao. Hapo ndipo zinapoaminika.

Masimulizi ya The Silmarillion, kitabu kilichochapishwa mwaka 1977 baada ya kifo chake, yanaanza kabla ya jua. Mwanga wa nchi ya Valinor ulitoka kwa Miti Miwili, Telperion wa fedha na Laurelin wa dhahabu. Kila mti uliwaka na kufifia kwa muda wa saa saba, na kila mmoja uliamka saa moja kabla ya mwenzake kuzimika. Kwa mpango huo siku nzima ilikuwa na saa 12, na mara mbili kwa siku rangi za mianga hiyo zilichanganyika. Jua na mwezi vilikuja baadaye, baada ya miti hiyo kuuawa, na kalenda zote zinazofuata zimejengwa hasa juu ya jua.

Waelvi, viumbe wasiozeeka, walipenda kuhesabu kwa sita na kwa kumi na mbili. Juma lao lilikuwa na siku sita. Kipimo chao kikubwa cha wakati, yén, kilikuwa na miaka 144, yaani 12 mara 12, au siku 52,596. Kwa asiyekufa, mwaka mmoja wa jua ni kitu kidogo mno kuhesabia maisha. Hata hivyo waliufuatilia kwa ajili ya mimea na mavuno, na huko Rivendell waliugawa katika majira sita: manne ya siku 54 na mawili ya siku 72. Jumla ni siku 360. Tano zilizobaki zilisimama nje ya majira: moja ya kufungua mwaka, moja ya kuufunga, na tatu za katikati. Kila mwaka wa 12 siku hizo tatu za katikati zilirudufiwa, na kila yén ya tatu nyongeza hiyo ilirukwa ili kuondoa ziada. Anayetaka anaweza kupiga hesabu. Wastani wa mwaka unakuwa siku 365.243, karibu sawa kabisa na wa kalenda inayotumika duniani leo.

Wanadamu wa Númenor, kisiwa cha mabaharia, walirithi elimu ya Waelvi na kuibadilisha kwa mahitaji yao. Siku ya Waelvi ilianza jua likizama. Ya Númenor ilianza jua likichomoza. Juma la siku sita waliliongezea siku ya saba na kuiita Siku ya Bahari, jambo la kutegemewa kwa taifa lililoishi kwa vyombo. Mwaka ukawa na miezi 12: kumi ya siku 30, na miwili ya katikati ya siku 31. Siku tatu hazikuwa za mwezi wowote: ya kwanza, ya katikati na ya mwisho.

Mwaka mrefu ulikuja kila mwaka wa nne, isipokuwa mwaka wa mwisho wa karne. Kanuni hiyo inaacha upungufu wa zaidi kidogo ya siku mbili kwa kila miaka elfu, nao ulilipwa mwishoni mwa milenia. Baada ya malipo hayo, Tolkien anaandika, ulibaki upungufu wa saa 4, dakika 46 na sekunde 40. Tarakimu hizo hazikuokotwa hewani. Mwaka wa jua ukichukuliwa kuwa siku 365, saa 5, dakika 48 na sekunde 46, jibu linatoka hilohilo bila kukosea hata sekunde.

Kisha kalenda ikakutana na historia. Númenor ilizama baharini mwaka 3319 wa Enzi ya Pili, na walionusurika wakaanzisha falme bara, Gondor ikiwa mojawapo. Enzi ya Tatu ilipoanza, miaka ilihesabiwa upya kuanzia moja, na mpangilio wa miaka mirefu ukateleza: mwaka wa 4 ulifanywa mrefu badala ya wa 3. Nyongeza za milenia nazo zikaja kwa kuchelewa miaka 441. Hakuna aliyekusudia kosa hilo. Ni matokeo ya kubadilisha namba za miaka bila kubadilisha kanuni iliyozitegemea, na yeyote aliyewahi kukabidhiwa daftari la hesabu katikati ya mwaka analijua tatizo lenyewe.

Aliyetengeneza mambo ni Mardil, wa kwanza wa maliwali waliotawala Gondor kwa niaba ya kiti kilichokuwa kitupu. Mfalme wa mwisho alitoweka mwaka 2050. Mardil aliongeza siku mbili kwa mwaka 2059 na kuanzisha kalenda mpya mwaka 2060. Miezi yote ikawa ya siku 30, na siku tano za nje ya miezi zikawa sikukuu: mwanzo wa mwaka, kati ya mwezi wa tatu na wa nne, katikati ya mwaka, kati ya mwezi wa tisa na wa kumi, na mwisho wa mwaka. Ni mfumo wa kale sana katika dunia yetu. Wamisri wa Mafarao walikuwa na miezi 12 ya siku 30 na siku tano za ziada, Waethiopia wanao hadi leo pamoja na Pagume yao ya siku tano au sita, na mwaka wa Nairuzi wa pwani ya Waswahili una miongo 36 ya siku kumikumi na siku tano juu yake. Tolkien hasemi kwamba Mardil alihitaji kuonekana mtawala halali miaka kumi tu baada ya mfalme kupotea, lakini tarehe zinasema. Liwali mwingine, Hador, aliongeza siku moja mwaka 2360. Nyongeza ya mwaka 3000 haikufanywa kamwe. Vita vilikuwa mlangoni, na watu wa ikulu walikuwa na mengine ya kufikiria.

Saa za mchana zinatajwa kwa uchache, lakini kuna mahali pamoja panapomhusu msomaji wa Kiswahili moja kwa moja. Katika Minas Tirith, mji mkuu wa Gondor, kengele hupigwa kuanzia macheo. Pippin, kijana wa nchi ya Shire, anasikia mapigo matatu asubuhi na kuyageuza kichwani, kwa sababu kwao mapigo yangekuwa tisa. Msomaji wa Kiingereza hulazimika kugeuza pamoja naye. Mswahili hageuzi kitu: kengele tatu ni saa tatu. Hata tofauti ya Waelvi na Wanadamu kuhusu mwanzo wa siku haimsumbui, maana katika miji ya pwani usiku wa kuamkia Ijumaa ni Ijumaa tayari, na saa zinahesabiwa upya kukicha.

Shire, nchi ya Wahobiti, ilikuwa ya mashamba, baa na barua nyingi. Wahobiti ni watu wafupi wenye miguu ya manyoya, na nyumbani kwao kuna saa ya kuweka juu ya meko. Kalenda yao ilitoka kwa wafalme wa kale, wakaisawazisha: miezi 12 ya siku 30, siku mbili za Yule zinazounganisha mwaka na mwaka, na siku tatu za Lithe katikati, kati ya Juni na Julai. Katika mwaka mrefu iliingia siku ya nne, Overlithe. Siku ya Katikati ya Mwaka ilikusudiwa kuangukia karibu na siku ndefu kuliko zote, na kwa hiyo tarehe za Shire zimetangulia zetu kwa takriban siku kumi. Mwaka Mpya wetu ungekuwa kama tarehe 9 Januari kwao. Kwa mpango huu Februari ina siku 30, na ratiba ya matukio iliyo katika Kiambatisho B inaitumia bila haya: mkutano wa Ents, wale wachungaji wa miti, ulianza tarehe 30 Februari.

Majina ya miezi hayakubuniwa kutoka patupu. Solmath, Thrimidge, Wedmath, Blotmath na mengine yametokana na majina ya Waingereza wa kale, yaliyohifadhiwa na mtawa Bede katika kitabu chake cha Kilatini kuhusu hesabu ya nyakati, cha mwaka 725. Bede anaeleza kwamba mwezi wa Mei, asili ya Thrimidge, uliitwa hivyo kwa sababu ng’ombe walikamuliwa mara tatu kwa siku, na kwamba mwezi wa Novemba, asili ya Blotmath, ulikuwa wa kuchinja mifugo na kuitoa kwa miungu. Anaeleza pia kwamba katika mwaka wenye mwezi wa nyongeza, mwezi huo uliwekwa kiangazi, na miezi iliyoitwa Litha ikawa mitatu. Tolkien aligeuza miezi hiyo kuwa siku. Wahobiti hawana miungu wanaotolewa sadaka, lakini mwezi wa sadaka wanao. Watu hubeba majina ya miezi muda mrefu baada ya kusahau ibada zilizoyazaa, na hili amelipata barabara.

Juma la Shire lilianza Jumamosi na kumalizika Ijumaa, ambayo ndiyo iliyokuwa siku kuu: mchana watu walipumzika, jioni wakala karamu. Kwa Waswahili mpangilio huo hauhitaji maelezo. Kilicho kigeni ni mageuzi yaliyofanywa zama za mtawala wao Isengrim wa Pili. Siku ya Katikati ya Mwaka, na Overlithe pia, ziliondolewa katika hesabu ya juma, zisiwe Jumatatu wala Alhamisi wala siku nyingine yoyote. Zilizobaki ni siku 364, majuma 52 kamili. Kuanzia hapo mwaka ulianza Jumamosi daima, na kila tarehe ikawa na siku yake ya kudumu. Watu wa Shire waliacha kuandika siku ya juma katika barua zao. Ilikuwa raha tupu, mpaka mtu asafiri kuvuka kijiji cha Bree na kukuta kwamba huko ni Jumanne.

Mageuzi hayo yalizaa na mzaha. Hakuna mwezi wa Shire uliowahi kuanza Ijumaa, kwa hiyo “Ijumaa tarehe mosi” ikawa siku isiyokuwepo, siku ambayo nguruwe wangeruka na miti ingetembea. Katika riwaya yenyewe miti inatembea.

Wazo la siku iliyo nje ya juma halikuwa la Tolkien peke yake. Elisabeth Achelis wa New York alianzisha chama cha kulipigania mwaka 1930, na pendekezo lake la Kalenda ya Dunia lilifika Umoja wa Mataifa, likakwama huko katika miaka ya 1950. Miongoni mwa wapinzani wake wakubwa walikuwa Wayahudi na Wasabato. Kwao juma la siku saba ni amri, na kuingiza siku moja isiyohesabiwa kungeihamisha Sabato kila mwaka. Shire haina hekalu, kanisa wala siku ya ibada. Juma lao halikuwa la Mungu yeyote, ndiyo maana liliweza kukatwa kwa uamuzi wa kiutawala na watu wakafurahia. Mtunzi anayetaka kuiga kalenda ya Wahobiti katika dunia yenye dini anapaswa kujiuliza kwanza ni nani angekubali.

Mwezi wa angani una nafasi ndogo katika kalenda hizi, ukiacha Vibete wa milimani. Mwaka wao mpya ulikuwa siku ya kwanza ya mwezi wa mwisho wa vuli. Uliitwa Siku ya Durin pale tu jua na mwezi huo vilipoonekana angani pamoja, na katika The Hobbit, kitabu cha 1937, tundu la ufunguo wa mlango wa siri linaonekana siku hiyo tu. Thorin, kiongozi wao, anakiri kwamba ujuzi wa kuikokotoa umepotea. Kama sikukuu ya taifa ina dosari kubwa, lakini kama mtego wa hadithi ni bora. Katika simulizi lenyewe mwezi ulimpa Tolkien taabu: mwaka 1944 alimwandikia mwanawe Christopher, aliyekuwa kwenye mafunzo ya jeshi la anga Afrika Kusini, kwamba amegundua mwezi wake unachomoza sehemu moja ya nchi huku ukizama nyingine wakati uleule. Aliukarabati kwa kufuata mwezi halisi wa anga ya Uingereza. Taabu hiyo ndiyo inayokipa nguvu kisa cha mtunza bustani Sam, ambaye akitoka msitu wa Lothlórien anautazama mwezi mwandamo na kudhani hawakukaa humo hata siku chache. Kalenda inaonyesha walikaa mwezi mzima, tangu 17 Januari hadi 16 Februari.

Sikukuu za Shire zilikuwa mbili kubwa, Yule na Lithe. Yule ilichukua siku sita, tatu za mwisho wa mwaka na tatu za mwanzo. Lithe ilikuwa ya nje, ya kiangazi, na kila baada ya miaka saba meya alichaguliwa wakati huo katika gulio kubwa la White Downs. Overlithe ilikuwa siku ya shangwe ya pekee. Haikutokea katika miaka ya vita vya Pete, vinavyosimuliwa katika riwaya. Ilitokea mwaka uliofuata, 1420 kwa hesabu ya Shire, mwaka wa mavuno yasiyosahaulika. Siku za kuzaliwa nazo zilikuwa na mila yake: mwenye siku ndiye aliyegawa zawadi, na kwa kuwa kila siku ni ya mtu fulani, zawadi zilizunguka mitaani bila kukoma. Karamu inayofungua riwaya, ya Mhobiti Bilbo kutimiza miaka 111, ilikuwa ya namna hiyo.

Pete ilipoangamia tarehe 25 Machi 3019, Gondor ilitangaza mwaka mpya uanzie hapo. Riwaya inathibitisha hesabu hiyo kwa njia isiyoonekana upesi: mchawi Gandalf anapomwamsha Sam anamwambia ni siku ya 14 ya Mwaka Mpya, yaani tarehe 8 Aprili kwa Shire. Ni sahihi endapo tu Machi ina siku 30. Ingekuwa 31, siku ingekuwa ya 15. Kalenda mpya iliweka pia sikukuu kwa heshima ya Frodo aliyeibeba Pete, siku inayolingana na tarehe 22 Septemba aliyozaliwa, na kuirudufu katika mwaka mrefu. Uchaguzi wa Machi 25 si wa bahati. Katika Ukristo ndiyo siku ya malaika kumpasha Maria habari, na Uingereza iliitumia kama mwanzo wa mwaka hadi sheria mpya ilipouhamishia Januari mosi kuanzia mwaka 1752. Tolkien alikuwa Mkatoliki wa dhati.

Kilichotokea Shire baada ya hapo ndicho kipande bora cha kiambatisho kizima. Hakuna kumbukumbu kwamba Wahobiti waliiadhimisha 25 Machi wala 22 Septemba, ingawa mashujaa wa siku zote mbili walikuwa watoto wao. Hata Enzi ya Nne walidai kuianza kwa tarehe yao wenyewe. Badala yake, pande za Hobbiton, kukazuka desturi ya kucheza ngoma uwanjani tarehe 6 Aprili, kama hakuna mvua. Wengine walisema ni siku ya kuzaliwa ya mzee Sam. Wengine walisema ndiyo siku mti wa dhahabu ulipochanua mara ya kwanza mwaka 1420. Wengine walishikilia kuwa ni mwaka mpya wa Waelvi. (Kwa Mwingereza wa leo, 6 Aprili ni mwanzo wa mwaka wa kodi, masalia ya ule mwaka mpya wa Machi.) Buckland nako, kila tarehe 2 Novemba jua likizama, walipuliza baragumu na kuwasha mioto, kukumbuka baragumu hilo lilipopulizwa nchini mwao kwa mara ya kwanza.

Sikukuu ya ikulu ilikuwa na tangazo, tarehe na sababu moja rasmi. Ya kijijini ilikuwa na sababu tatu zinazopingana, nayo ndiyo iliyochezewa ngoma. Kati ya dunia nyingi zilizobuniwa tangu 1955, chache zimethubutu kuwa na sikukuu ambayo wenyewe hawakubaliani inahusu nini, ilhali sikukuu nyingi za kweli ziko hivyo.

Wasomaji wa Tolkien nao wana siku zao. Chama cha Tolkien cha Uingereza kilianzisha Siku ya Kumsoma Tolkien, 25 Machi, mwaka 2003, na wapenzi wake Marekani husherehekea Siku ya Hobiti tarehe 22 Septemba. Kwa hesabu ya Kiambatisho D, tarehe hizo za Shire zingeangukia karibu na 18 Machi na 14 Septemba zetu. Tarehe zinazofuatwa ni zile zilizochapishwa kitabuni.